Bwana Majina Matatu

Nyakahura, Jumapili jioni

Milembe mwanangu,

Salamu sina, maana mchana huu tumekula ugali wa sahani moja na ukanikaribisha nyama niliyoinunua mwenyewe. Sasa umekwenda Kaniha kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi mapema, kwa sababu shangazi yako akianza neno halimalizi. Mama yako yuko ndani anafunga michembe, vile viazi vitamu vikavu, kwenye mfuko wa pili baada ya wa kwanza kujaa. Habari za godoro, jiko, nani umpigie simu ukiumwa na jirani gani umwogope, hizo zote ni zake, na ukijaribu kumkatiza atazianza upya. Mimi nimekaa hapa barazani na kalamu, kwa kuwa lipo jambo moja ambalo lazima ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Ulipoletewa barua ya kupangiwa kituo cha afya ukasoma kwamba ni Ngara, kata ya Kanazi, uliruka ukanishika mabega. "Baba, si ndiko ulikoanzia kazi!" Nikasema ndiko. Ukasema, basi watanipokea vizuri wakisikia mimi ni binti yako. Nikacheka, kisha nikatoka nje kwenda kuhesabu ng'ombe ambao kaka yako alikuwa ameshawahesabu. Mama yako aliniona.

Kule wazee hawanikumbuki kwa jina langu, Milembe. Wananiita Bwana Majina Matatu. Ukijitambulisha kwa jina letu la ukoo, yupo atakayekuuliza kama wewe ni mtoto wa Bwana Majina Matatu. Pengine atauliza huku anatabasamu, pengine hatatabasamu. Siku hiyo nataka uwe unajua anasema nini.

Unanijua mimi ni mtu wa mstari. Wewe na kaka zako mmenicheka miaka yote kwa kuwa napanga hata viatu vya wageni mlangoni. Nilipoajiriwa kuwa mhudumu wa afya katika zahanati moja ya huko, nilipewa dirisha, meza na rejesta kubwa kuliko meza. Watu waliniita daktari, kama wanavyomwita kila aliyevaa koti jeupe, nami sikumsahihisha hata mmoja. Hati yangu ilikuwa nzuri. Mganga mfawidhi alisema rejesta yangu ingeweza kusomwa kanisani, na sifa hiyo ilinipanda kichwani ikajenga nyumba. Fomu zilikuwa na nafasi ya majina matatu: la mtoto, la baba, la babu. Sikuona kwa nini nafasi moja ibaki tupu, na mtu aliyekuja na majina mawili nilimrudisha nyuma ya foleni akatafute la tatu.

Siku ninayoisema ilikuwa ya kliniki, mvua za kwanza zimeanza, watu wamejaa hadi nje. Alikuja mama mmoja wa Kihangaza na binti yake wa miaka saba hivi, mwembamba, amevaa sweta la shule linalomfika magotini. Mtoto alikuwa na kikohozi cha wiki nyingi. Mganga alikuwa ameshamwona na kuagiza apimwe makohozi, na sampuli ipelekwe hospitali. Mimi kazi yangu ilikuwa kujaza fomu tu.

"Jina la mtoto?"

"Adela."

"La baba?"

"Yohana."

"La babu?"

Akavuta kitenge akafunika mdomo.

"Mama, la tatu."

"Ni la mzee," akasema polepole.

"Mzee gani? Wazee wako wengi hapa Ngara."

"Mzee wa nyumbani."

"Na huyo mzee wa nyumbani hana jina? Akichelewa kula mnamwitaje?"

Mlinzi akacheka. Walimu wawili wageni waliokuwa wanasubiri dawa nao wakacheka. Unajua mtu akichekewa utani wake anavyoongeza chumvi. Nikapaza sauti ifike benchi la mwisho: "Jamani, kuna mama hapa hajui mtoto wake ni wa ukoo gani!"

Wanawake wa kwenye benchi hawakucheka, waliangalia chini. Mmoja akainuka nusu, akasema, "Daktari, hilo jina yeye hawezi..." Nikamkata hapohapo. "Sijakuuliza wewe. Zamu yako itafika."

Mama Adela akasema, "Ruhuza. Andika Ruhuza." Nikaandika, kwa ile hati ya kusomwa kanisani: Adela Yohana Ruhuza. Nikamwambia arudi baada ya wiki moja kuchukua majibu. Kopo la makohozi likaondoka na pikipiki mchana uleule, nami nikajiona nimefanya kazi.

Wiki ilipopita majibu yakarudi. Adela alikuwa na kifua kikuu. Dawa zake zilikuwepo kabatini, za bure, hatua kumi kutoka kwenye kiti changu. Nikaita jina dirishani siku ile na siku zilizofuata, hakuna aliyeitika. Tukamtuma mhudumu wa jamii, mzee mmoja mpole mwenye baiskeli, akazunguka vitongoji kuulizia mjukuu wa Ruhuza. Kila mwenyekiti alimwambia hapa hatuna Ruhuza. Alikwenda mara mbili, mara ya pili akarudi ameloa hadi kofia.

Basi nikafunga habari hiyo. Kwenye nafasi ya maelezo niliandika kwa mkono huu unaokuandikia: "Familia imetoa jina la uongo. Mama mkaidi. Imani potofu." Kisha nikaenda kunywa chai. Maneno hayo yananiuma kuliko kile kicheko, mwanangu. Kicheko kilikuwa ujinga wa dakika moja mbele ya watu. Maneno niliyaandika nimetulia, peke yangu, na nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Mahindi yalikuwa yameshavunwa siku alipokuja mwanamke mwingine dirishani, mrefu, hana haraka. Alikuwa Skolastika, dada yake Yohana, aliyeolewa mbali na aliyekuja kusalimia kwao akamkuta mtoto wa kaka yake hawezi kukaa darasani. Nyuma yake alikuwa Adela. Alikuwa anatembea amejishika mapaja kwa mikono miwili, kama mzee anayepanda kilima. Chini ya sweta, katikati ya mgongo, mfupa ulikuwa umechomoza. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye uti wa mgongo.

"Wewe ndiye unayeandika majina?" Skolastika akauliza.

"Ndimi."

"Andika basi. Adela Yohana Misago. Misago ni baba yangu, mimi namtaja bila wasiwasi, amenizaa. Huyu mke wa kaka yangu angemtajaje? Amtaje baba mkwe wake mbele za watu kama anaita mbuzi? Wewe ni mtu wa wapi?"

Nikajitetea. "Angeniambia tu kwamba hawezi."

"Si alikuambia? Alikuambia mzee wa nyumbani. Ulitaka akuambie mara ngapi?"

Ruhuza lilikuwa jina la baba yake mwenyewe aliyemzaa, mtu wa upande wa Rulenge, ndiyo maana hakuna kitongoji kilichomjua. Alilitoa ili nimwachie aondoke. Nikamwuliza Skolastika kwa nini basi mama hakurudi kuchukua majibu. Akanitazama kama mtu anayepima kama inafaa kuniambia. Akasema, "Nilimwuliza. Alisema: nikirudi ataniuliza tena."

Nilikuwa na fomu ya rufaa mbele yangu na mkono haukutaka kuandika. Kwa kutafuta la kufanya nikainama nikamwuliza Adela mwenyewe, "Wewe unaitwa nani?" Akajibu kwa sauti kubwa, pumzi moja, kama walivyofundishwa darasa la kwanza: "Naitwa Adela Yohana Misago!" Mtoto hakatazwi kumtaja babu yake. Siku ile ya kwanza alikuwa amesimama palepale, kidevu chake kinafika ukingo wa dirisha, jina zima analo mdomoni. Hakuna aliyemwuliza. Mimi na mama yake tulikuwa tunazungumza juu ya kichwa chake, na mzungumzaji mkuu nilikuwa mimi.

Hospitali walimpa dawa kwa muda mrefu na akazimeza zote. Alipona. Mgongo haukunyooka.

Jioni ile nilimweleza mama yako, nikitegemea anipoze. Wewe ulikuwa bado unatambaa, ulikuwa umelala mapajani mwake. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Tangu umenioa, umewahi kunisikia nikimtaja baba yako?" Nikafikiri. Sikuwahi. Hata sisi Wasukuma mkwe ana heshima zake, hilo nililijua tangu utotoni. Mama yangu aliishi na babu yangu, baba mkwe wake, boma moja hadi mzee akafa, na jina lile sikulisikia mdomoni mwake hata siku ya msiba. Mama yako akaendelea, "Na kadi ya kliniki ya huyu mtoto, nani aliijaza?" Niliijaza mimi, jioni moja hapo nyumbani, kwa hati nzuri, ndiyo maana yeye hakuwahi kuulizwa dirishani. "Ningekuwa mke wa mtu mwingine," akasema, "na mimi ungenifukuza."

Kwa hiyo usije ukasema baba hakujua mila za watu. Nilizijua. Nilizivua mlangoni pamoja na viatu vya shamba, nikavaa koti, nikadhani ndiyo elimu.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Hilo nalo nililiharibu. Nilibeba sukari kilo mbili na sabuni, nikakaa na Yohana uani, tukaongea kiume. Nilisema kulitokea hitilafu katika uandikishaji. Ndivyo nilivyosema, hitilafu, kama vile ni baiskeli. Mama Adela alileta kigoda, akaleta maji, akanisalimia kwa heshima zote, akarudi jikoni. Sikumwambia neno. Yohana akasema yamekwisha, nami nikalidaka hilo neno upesi nikaaga. Njiani nilikuwa nasikia raha. Nilipofika kwenye daraja raha ikaisha, maana nilijiuliza yamekwisha kwa nani. Miezi michache baadaye nikaomba uhamisho. Ninyi nimewaambia siku zote kwamba nilirudi huku Biharamulo kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwa wanne, Milembe, na mmoja alikuwa na jicho moja.

Hapa Nyakahura, kwenye zahanati niliyohamishiwa, nimejifunza polepole, kama mtu anayejifunza baiskeli uzeeni. Unamkumbuka yule bibi wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi, aliyekuwa anakupa maziwa? Siku moja alileta mjukuu ana degedege, amekakamaa, ananuka moshi wa dawa. Swali langu la zamani lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: kwa nini umechelewa? Nikalimeza. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Umemfanyia nini mpaka sasa?" Alinieleza yote: majani aliyomwogesha, moshi, na kwamba alimnywesha kijiko kimoja cha kitu fulani. Kile kijiko muuguzi alihitaji sana kukijua. Kisha bibi akasema hataki sindano, mwenye degedege akichomwa anakufa, ameona kwa macho yake. Muuguzi hakubishana. Alimwomba bibi amshike yeye mwenyewe, akampa mtoto dawa kwa njia ya haja kubwa, mtoto akalegea, akapumua vizuri. Bibi akakaa kidogo, akasema, "Haya, hiyo sindano yenu mnangoja nini?"

Lakini usije ukanifanya malaika. Baada ya yale ya Kanazi niliogopa kuudhi watu hadi ikawa ugonjwa mwingine. Kuna mama aliyeleta mtoto mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, akasema hawezi kukubali rufaa mpaka baba mkubwa arudi kutoka malishoni. Nikakaa naye kumsubiri baba mkubwa, kwa adabu kabisa. Muuguzi alipotoka chumba cha kuzalishia akatukuta hivyo, alinipa maneno ambayo sitakuandikia. Alimtuma kijana wa pikipiki akamfuate mzee, na palepale akaanza kumtibu mtoto, akamwambia mama, "Mzee atatukuta tumeshaanza, nitamweleza mimi." Mzee alifika, akaamkiwa, akaelezwa, akaridhia, gari likaondoka. Mtoto aliishi, ila si kwa sababu yangu. Heshima na dawa si wake wenza, mwanangu. Usizipangie zamu.

Wewe umesoma kunishinda. Unajua mambo ambayo mimi nilikuwa nayaona tu yakipita dirishani. Sina la kukufundisha kuhusu homa au vipimo vya dawa. Ila ninajua jinsi mtu anavyokaa kwenye kile kiti, foleni imefika nje, mgongo unauma, na mbele yake kasimama mama aliyenyamaza. Kunyamaza kwa mama kunachosha, na unatamani kumpa jina haraka: mkaidi, mjinga, mwongo. Mimi nilikuwa na majina mengi mno ya kuwapa watu. Ukisikia jina la namna hiyo linakuja mdomoni, inuka kwenye kiti. Toka nje hata kwa kusingizia maji. Wakati mwingine aliyeketi kwenye benchi ameshainuka nusu kukusaidia.

Sasa nikuambie la mwisho, ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Adela yupo. Ni fundi cherehani, nasikia anashona magauni ya kipaimara ambayo watu wanayafuata kutoka mbali. Mgongo wake ndio ule. Ameolewa, na mwaka huu amepata mtoto. Skolastika alimwambia mtu, mtu akamwambia mama yako, na mama yako alinieleza bila kunitazama. Huyo mtoto atachanjwa, atapimwa uzito, atakohoa kama watoto wote wanavyokohoa. Kituo chao ni chako. Siku yoyote Adela atasimama mbele yako na mtoto mgongoni, na fomu zenu bado zina nafasi ya jina la babu, na sasa yeye ndiye mwenye baba mkwe.

Sikuombi umwombe radhi kwa niaba yangu. Usithubutu. Ukimwona usimhurumie usoni, usimwambie wewe ni nani mpaka yeye aulize, na akiuliza usinifiche. Deni la mdomo wangu halilipwi na mdomo wako.

Kwa hiyo kesho nakwenda na wewe. Mama yako nimemwambia asubuhi. Akaniuliza nitabeba nini, nikasema labda sukari. Akasema, "Acha sukari. Safari hii ongea na mwanamke." Nitakwenda kwa Yohana, nitamwomba ruhusa nizungumze na mkewe na binti yake mbele yake, na nitalisema lile neno lililo sahihi: niliwatukana, nikaandika uongo juu yenu, na mtoto akaumia. Halafu nitanyamaza wao waseme. Pengine Mama Adela atasema mambo mazito. Pengine atafunika mdomo kwa kitenge kama siku ile. Pengine watanifungia mlango, na nitastahili. Sijalala vizuri tangu barua yako ya kazi ifike. Naogopa, Milembe. Lakini zaidi ya mlango wa Yohana, naogopa uso wako ukimaliza kusoma hapa. Umenikuza sana tangu utotoni, ukiwaambia wenzako baba yangu ni daktari, nami nikakuacha useme.

Barua hii nitaiweka juu ya sare zako, utaikuta ukirudi leo ukafungua begi. Soma ukiwa peke yako, na mama yako usimwulize kitu leo, amechoka na michembe.

Basi la Ngara linapita saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Unanijua, nitakuwa pale barabarani kabla yako. Kama hutataka kukaa na mimi, usihangaike kutafuta maneno. Wewe weka tu begi lako kwenye kiti cha pembeni yako. Nitaelewa, nitapita nikakae nyuma. Utakaposhuka, nami nitashuka.

Baba yako